Kwa nini g yako inatoka 8.8

Mwalimu, unasema umening'iniza simu iwe pendulumu, uzi una sentimita 72, na g (mchapuko wa mvutano wa dunia, kwa m/s²) inatoka 8.8 badala ya 9.8. Simu haina kosa. Urefu wa pendulumu hauishii kwenye ukingo wa juu wa simu. Unafika hadi kitovu cha uzito wake, karibu na katikati. Ongeza sentimita 8 zilizosahaulika, upate mita 0.80, hesabu itakaa sawa.

Ila njia bora ni hii: badilisha urefu mara tano, kati ya sentimita 60 na 140, kisha chora grafu ya T² dhidi ya L (T ni muda wa mbembeo mmoja kamili, kwenda na kurudi; L ni urefu). Mteremko ni 4π²/g, na kosa la urefu lisilobadilika haliugusi hata kidogo! Linasogeza mstari tu.

Kwenye phyphox (programu ya simu ya kupimia, ni bure) chagua jiroskopu, kihisi cha kasi ya mzunguko. Kipima mchapuko kinaweza kukupoteza: kwenye mhimili wa uzi, hupanda mara mbili kwa kila mbembeo; ukichukua kilele hadi kilele, T inakuwa nusu na g mara nne.

Pembe isizidi digrii 10. Funga simu kwa nyuzi mbili isijizungushe, na chini weka mto.