Usipige pevingi uwanja mzima kabla hujasoma hapa

Mkuu, simamisha hao vijana. Wasimwage hata toroli moja ya mchanga.

Nimekusoma: nusu eka Kibosho, huku Moshi mlimani, nyumba imeisha, unataka pevingi, yale matofali ya zege ya kutandaza chini, kuanzia getini mpaka jikoni kabla ya masika. Unauliza unene wa milimita 60 au 80, bei kwa mita ya mraba, na kama kijijini kuna haja ya kibali. Halafu ukamalizia eti "fundi kasema huku vijijini hakuna longolongo". Hapo ndipo presha ilipopanda, maana maneno hayohayo niliuziwa mimi, na nilinunua kwa bei ya jumla.

Wangu alijiita injinia. Kofia ya njano, buti safi mno kwa mtu wa saiti, na mdomo wa dalali wa viwanja. Alipima kila kitu isipokuwa maji yatakakoelekea. Nilitaka uwanja wa shughuli, harusi na kipaimara, basi tukang'oa migomba, tukashindilia moramu, ule udongo wa changarawe, tukalaza pevingi. Kwa kuwa sikutaka magugu, viungo vyote vikazibwa kwa nili, yaani uji wa saruji. Injinia akasifu: "Hapa hata sisimizi hapiti." Kweli hakupita. Na tone la maji halikupita.

Hesabu ambayo nilipaswa kupigiwa siku ya kwanza ni hii. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Mimi paa na uwanja vilifika kama mita za mraba 1,200. Ikishuka mvua ya milimita 40 usiku wa Aprili, hizo ni lita 48,000, yaani karibu matangi kumi ya lita 5,000 yanafunguliwa kwa pamoja getini kwako. Kabla ya hapo, udongo na migomba ilikuwa inakunywa sehemu kubwa bila kunidai. Bati na zege havinywi.

Masika ya kwanza tu, maji yalitoka getini yakachimba barabara, yakaingia kwenye mfongo, ule mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba. Mfongo ukajaa tope na moramu yangu, ukapasua ukingo, ukamwagikia kihamba, shamba la nyumbani, cha mzee jirani wa chini yangu. Kahawa zake zikabaki mizizi inaning'inia. Asubuhi akaja na fimbo yake, hakupandisha sauti. "Mwanangu, maji yako yamelala kwangu. Njoo uyachukue." Bora angenitukana, ningejua pa kuanzia.

Na wewe wa mlimani unajua mfongo si mali ya mtu mmoja. Wanaoutumia wana zamu, wana siku za kuusafisha, na sasa wote wakawa hawana maji kwa sababu yangu. Kwa mwenyekiti wa kijiji nilikuta kikao kimejaa kuliko harusi yoyote niliyowahi kuota kuifanyia pale. Halmashauri ikaja, ikasimamisha kila kitu, ikauliza kibali. Nikampigia injinia. Yuko Dodoma, mtandao unasumbua. Mpaka leo mtandao wa Dodoma unasumbua.

Nikang'oa pevingi upande wote wa mteremko, nikachimba mtaro, shimo la mawe la kunyonyea maji, tanki la maji ya paa, nikajenga ukingo wa mfongo na kulipa kahawa za watu. Kubomoa na kurekebisha kulikula hela kuliko kujenga. Kijijini naitwa Bwana Mafuriko, hata mtoto wa darasa la pili ananisalimia hivyo, shikamoo Bwana Mafuriko.

Eti hakuna sheria! Vijiji vingi vinavyopakana na Moshi na Arusha vinaweza kuwa ndani ya eneo la mipango miji, na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka idhini kabla ya kuendeleza. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na Kibosho mito haijakaa mbali. Mtaro wa barabara nao una mwenyewe, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, huelekezi maji yako humo kienyeji. Na si kwetu tu: shemeji yangu yuko Maryland, Marekani. Mashambani kule karibu na Ghuba ya Chesapeake kaunti zinabana sehemu ya kiwanja unayoweza kuziba kwa paa na zege, mara nyingi asilimia 15. Mwaka 2012 jimbo likazilazimisha kaunti kubwa kutoza ada kwa sehemu zilizozibwa. Watu wakaibatiza kodi ya mvua, wakapiga kelele, na 2015 ulazima ukaondolewa. Nilicheka sana aliponisimulia. Hiyo ilikuwa kabla ya masika yangu.

Kwa hiyo usilaze pevingi hata moja kabla hujajua maji yatalala wapi. Piga njia ya gari na mbele ya mlango tu, viungo ujaze mchanga, kwingine acha nyasi au kokoto. Upande wa mteremko usiuguse kabisa.

Mvua ya kwanza ikinyesha toka na mwamvuli, piga picha maji yanakoelekea, nenda nazo kwa mtendaji na kwa afisa mipango wa halmashauri ndipo uongee na fundi. Na akirudia kwamba kijijini hakuna sheria, mpe karatasi aandike hivyo, asaini, aweke na namba ya NIDA.