Maswali Yenu: Tovuti ya chama cha kutunza msitu

SWALI: Shikamoo Mhariri. Chama chetu kinatunza kipande cha msitu wa asili Muheza, mkoani Tanga. Tovuti yetu imejaa taarifa za mikutano na majina ya wajumbe, lakini wageni hawaji. Tuibadilishe vipi?

JIBU: Marahaba, ndugu yetu. Anayeifungua tovuti yenu akiwa Tanga mjini anataka kujua apande gari gani, ashukie wapi, alipe kiasi gani, na kama barabara inapitika wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Basi majibu hayo yakae juu kabisa ya ukurasa wa mwanzo, pamoja na namba ya simu inayopokelewa kweli. Taarifa za mikutano zihamishiwe ukurasa wa ndani.

Kisha mwonyesheni atakachokiona. Safu ya Usambara Mashariki ndiko liotako, kwenye miamba yenye kivuli, ua la Saintpaulia, ambalo mbegu zake zilipelekwa Ujerumani kutoka Tanga mwaka 1892 na leo linapandwa vyunguni katika nyumba nyingi za Ulaya, ilhali wapo watoto wa Muheza ambao hawajawahi kuonyeshwa likiwa porini. Jambo hilo linaniuma. Kama limo msituni mwenu, liwekeeni picha na maelezo mafupi, ila msitaje mahali hasa linapoota, lisije likang'olewa.

Picha zipunguzwe uzito, kwani wengi hutumia simu na bando dogo. Kiswahili kitangulie, Kiingereza kifuate.