Jina jipya la intaneti likifunguliwa, nani ahudumiwe kwanza?

Ndugu aliyeanzisha uzi huu ameuliza kama majina mapya ya ngazi ya juu katika intaneti, yaani yale maneno yanayokuja baada ya nukta ya mwisho kama .com na .ke, yafunguliwe kwa kila mwenye fedha au yaachiliwe machache machache, na kama sisi wa Mombasa tuna haja ya kuwa na .mombasa yetu. Kwa miaka kumi na mitatu nimekuwa nikiwasajilia vikoa, yaani anwani za tovuti, na kuwatengenezea tovuti zenyewe wafanyabiashara wadogo hapa Mji wa Kale. Wingi wa majina haunisumbui sana. Kinachonisumbua ni nani anayeulizwa kabla jina halijatolewa, na nani anayehudumiwa mwanzo likishafunguliwa.

Njia zote mbili alizozitaja zimekwisha kujaribiwa. Mwaka 2000 ICANN, shirika linalosimamia majina hayo duniani, lilichagua majina saba tu, .info na .museum yakiwemo. Mwaka 2012 mlango ukafunguliwa wazi, yakaja maombi 1,930 kwa ada ya dola 185,000 kila moja, na katika hayo Afrika nzima ilikuwa na 17. Mpango wa kuwasaidia wasio na uwezo ulikuwepo, lakini walioomba msaada huo walikuwa watatu, na aliyekubaliwa ni mmoja. Kwa awamu ya 2026 ada ni dola 227,000, ingawa safari hii wanaostahili msaada hupunguziwa kwa asilimia 75 hadi 85, na hilo ninaliunga mkono kwa moyo wote. Nisichokiunga mkono ni mnada baina ya wanaogombea jina moja. Jina .shop lilinunuliwa mwaka 2016 kwa dola milioni 41.5, na kwa bei kama hiyo hakuna ushirika wa wavuvi wala chama cha wenye hoteli ndogo kitakachothubutu kuinua mkono.

Sasa niseme niliyoyaona kwa macho yangu. Mwaka 2016 nilimshauri mama mmoja muuza leso achukue kikoa chenye kiishio kipya, yaani neno lile la baada ya nukta ya mwisho, cha herufi nane, kwa kuwa jina alilolitaka lilikuwa limeshachukuliwa kwingine. Siku moja tulikaa dukani kwake, mabunda ya leso yamepangwa mpaka karibu na dari, tukijaza fomu ya mtandaoni ya wakala wa forodha kwa ajili ya mzigo wake uliokuwa bandarini Kilindini. Kila tulipobonyeza kitufe cha kutuma, chini ya kisanduku cha barua pepe yalitokea maandishi mekundu kwamba anwani si sahihi. Nilikagua herufi moja moja, nisione kosa. Nilipofungua msimbo wa ukurasa ule ndipo nilipoona kuwa aliyeuandika aliweka sharti kwamba kiishio kiwe na herufi mbili hadi nne, basi. Mwishowe tuliandika anwani ya mwanawe. Mwaka uliofuata bei ya kulipia upya ikawa mara tatu ya ile ya mwanzo, na mama akaniuliza, "Mwanangu, hili jina ni langu au nimepangishwa?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Kanuni ya ICANN inaitaka kampuni inayoendesha kiishio itoe ilani ya siku 180 kabla ya kupandisha bei, lakini ilani hiyo huenda kwa wasajili, yaani kampuni zinazouza vikoa kwa wateja, nao wasipoifikisha mteja huishia kuiona bei siku ya kulipa. Tangu hapo simshauri mteja kiishio kipya kabla sijakijaribu katika fomu za benki, za forodha na za kaunti, na naamini jaribio kama hilo lilipaswa kufanywa na wanaoyafungua majina, wala si na muuza leso.

Kuhusu .mombasa, kanuni za 2012 zilitaka kibali cha serikali kwa jina la mji mkuu na kwa majina ya majimbo, mikoa au kaunti yaliyomo katika orodha ya ISO, shirika la kimataifa la viwango. Kaunti zetu zimo katika orodha hiyo, kwa hiyo Mombasa, Lamu, Kwale na Kilifi zina kinga. Malindi si kaunti, na mji wa namna hiyo ulihitaji kibali pale tu mwombaji aliposema kuwa jina atalitumia kwa mambo ya mji wenyewe.

Kwa hiyo barua ya kibali ya kaunti ndiyo silaha tuliyo nayo, na isitiwe saini bure. Jina likishafunguliwa, kanuni za ICANN huwatanguliza wenye alama za biashara zilizosajiliwa, na wateja wangu wengi hawana alama hizo. Wana leseni ya kaunti na jina linalojulikana mtaani. Mwaka 2014 .london iliwapa wafanyabiashara wa London zamu yao kabla ya watu wa nje, kwa hiyo jambo hili linawezekana. Kama ningeulizwa, ningetaka barua iseme kwamba mwenye leseni ya Mombasa apewe siku 60 za kulichukua jina la duka lake kwa bei ya kawaida, na kwamba bei ya kulipia upya isipande kwa miaka mitano ya mwanzo. Bila masharti hayo mawili, ningeshauri kaunti isitoe barua, na wateja wangu ningewabakisha kwenye .co.ke.