Kupasha nyumba joto huku Maine: bei ya galoni inadanganya

Baridi yetu ya kwanza hapa Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, tuliishiwa mafuta ya kupasha nyumba joto Jumamosi usiku mwezi wa kwanza, nje nyuzi 18 chini ya sifuri, na mi mtoto wa Tanga nilikuwa sijui hata kama kuna tanki chini ya nyumba. Nilijua joto linatoka ukutani tu basi. Nikapiga simu kampuni ya mafuta, wakasema kuja usiku kuna hela ya ziada, halafu hawaleti chini ya galoni 100, halafu fundi wa kuwasha boila (ile mashine inayochoma mafuta kutoa joto) analipwa mbali. Jirani yetu, mzee mmoja mzawa wa hapa, akanicheka weee, akanipeleka sheli tukanunua dizeli galoni 5 kwenye dumu la njano tukamimina kwenye lile bomba la nje ya nyumba linaloingia kwenye tanki. Inakubali kabisa, dizeli na haya mafuta ya nyumba ni karibu kitu kimoja, ila tanki likikauka lazima utoe hewa kwenye boila ndo liwake, na hiyo kazi alifanya yeye na spana yake saa tano usiku.

Bomba la gesi ya mtaani huku limefika sehemu chache, zaidi ya nusu ya nyumba za Maine zinatumia mafuta. Waliobaki ni propeni (gesi ya mtungi), umeme, kuni, na peleti (vile vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa). Sasa watu wetu wakihamia nyumba mpya swali huwa lile lile, eti oili (ndo haya mafuta ya nyumba) galoni bei gani na propeni galoni bei gani, wakiona propeni iko chini kidogo wanasema afadhali. Aisee. Hiyo ni sawa na kulinganisha gunia la mkaa na mtungi wa gesi kwa bei bila kuuliza utapikia siku ngapi.

Galoni ya oili ina joto kama BTU 138,500 (BTU ni kipimo cha joto), ya propeni ina 91,500 tu, yaani kama theluthi mbili. Uniti moja ya umeme ni 3,412. Halafu kuna joto linalopotelea kwenye bomba la moshi, boila la oili la kawaida linakupa kama asilimia 85, propeni mashine nzuri 90, jiko la peleti kama 80. Kwahiyo mi nachukua bei, nagawa kwa joto linaloingia ndani kweli, napata gharama ya kila BTU milioni moja. Kwa bei nilizopigia hesabu mimi (we weka za kwako, zinabadilika kila wiki): oili dola 3.50 inakuja kama dola 30. Propeni dola 3.30, ambayo kwa macho ni rahisi, inakuja dola 40! Peleti tani moja dola 350 inakuja kama 26 au 27. Na zile hita za umeme za pembeni mwa ukuta, kwa senti 25 uniti, ni dola 73. Ukiona nyumba ya kupanga kodi iko chini ajabu na ina hizo hita, na umeme unalipa wewe, ujue bei ya kodi imehamia kwenye bili.

Kuni zinauzwa kwa rundo la futi 4 kwa 4 kwa 8 (wanaita "cord", na mi mwezi mzima nilidhani mtu ananidai kodi). Zikiwa kavu ni rahisi, mbichi ni moshi na hasara.

Halafu kuna hiti pampu, ile kama AC ila inageuzwa, inavuta joto la nje na kuliingiza ndani. Serikali ya jimbo ilipanga mwaka 2019 zifungwe 100,000 kufikia 2025, zikafika 2023. Uniti moja inakurudishia joto la uniti mbili na nusu au tatu, kwahiyo ile dola 73, ukihesabu mbili na nusu, inashuka kuwa kama 29. Umeona? Karibu sawa na oili. Anayekwambia utaokoa nusu anauza mashine, jibu linategemea oili wiki hiyo iko wapi, mwaka 2022 ilipopita dola 5 hiti pampu ilikuwa mfalme. Na baridi ikizidi sana inapungua nguvu, kwahiyo boila usiling'oe.

Kingine ni umeme kukatika. Dhoruba ya tarehe 18 Desemba 2023 wateja zaidi ya laki 4 walilala giza, na ndo nikagundua boila la oili nalo linataka umeme, peleti nayo hivyo hivyo. Jiko la kuni ndo halijali. Na jamani, TAFADHALI, jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata kama watoto wanatetemeka, nyumba za huku zimezibwa, ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua mkiwa usingizini.

Kama kipato ni kidogo omba HEAP (msaada wa serikali wa gharama za kupasha nyumba joto) mapema kabla baridi haijaanza, inasimamiwa na MaineHousing, shirika la nyumba la jimbo, na mpangaji pia anaruhusiwa. Mi wakati ule nilidhani ni ya wenye nyumba, nikapoteza mwaka mzima.

Sisi sasa hiti pampu inafanya kazi mpaka nyuzi kama 10 chini ya sifuri, ikipita hapo tunawasha boila. Tanki ni la galoni 275, naenda kulichungulia kila Jumapili, kile kipimo chekundu kikifika robo napiga simu Jumatatu asubuhi, na dumu la njano lipo gereji.