Treni za Kisumu hadi Butere: reli ipo, kupishana ndiyo kazi

Ndugu, umeuliza kama Kisumu inaweza kuwa na treni za asubuhi na jioni kama Nairobi bila kungoja SGR, ile reli mpya ya upana mkubwa zaidi. Inaweza. Reli ya zamani, ya upana wa mita moja, ilifika Kisumu 1901, na tawi la Butere linapita Luanda na Yala. Treni ya Nairobi hadi Syokimau, iliyozinduliwa 2012, inatumia upana huohuo. Shida ni kwamba njia ni moja tu: treni inayokwenda hungoja stesheni hadi inayorudi ipite. Bila sehemu za kutosha za kupishana, mama mwenye beseni la omena la kuuza Luanda atapanda matatu, na sitamlaumu. Hizo zijengwe kwanza, stesheni za vioo baadaye.