Jezi ya Durant usiichome

Ndugu, umeuliza kama uchome jezi yako namba 35 ya Thunder, timu ya mpira wa kikapu ya Oklahoma City, Marekani, maana Kevin Durant, aliyekuwa nyota wao, hujamsamehe kwa kuhama. Usiichome: poliesta huyeyuka ikanata kwenye ngozi. Igeuze ndani iwe nje, ifue kwa maji baridi, pasi isiguse namba, kisha ihifadhi.

Uchungu wako una sababu. Mwaka 2016 Thunder waliongoza kwa mechi 3-1 dhidi ya timu ya Warriors katika mtoano, wakatolewa kwa mechi 4-3, na Julai 4 Durant akatangaza anahamia kwa haohao waliowatoa! Mkataba wake ulikuwa umekwisha, hivyo Oklahoma City haikupata mchezaji hata mmoja badala yake. Hapo ndipo panapouma hasa. Kikomo cha mishahara ya kila timu ya ligi yao, NBA, kilipanda mwaka huo kutoka dola milioni 70 hadi 94, Warriors wakapata nafasi ya kumlipa. Uwanjani mzomee ukitaka. Familia yake iache kabisa.