Vibarua viwili, mjukuu mmoja: nilipie miaka ya pensheni iliyopungua?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Tanga, niko Leicester, Uingereza, tangu 2001. Nilifanya kazi nyumba ya wazee miaka 18. Aprili 2019 niliacha ili nimlee mjukuu, mama yake arudi kazini. Tangu hapo nina vibarua viwili: usafi wa ofisi alfajiri, sasa pauni 110 kwa wiki, na kumhudumia bibi mmoja jioni, pauni 105. Oktoba 2030 natimiza 67. Kwenye rekodi yangu ya NI (bima ya taifa, ile michango inayohesabia pensheni ya serikali), miaka 6 ya mwisho yote imeandikwa haijakamilika. Mwenzangu anasema nilipie, pauni 900 na kitu kila mwaka. Nilipe? Na nikirudi Tanga pensheni itanifuata? – Mama Z.

JIBU: Mama Z, shikamoo. Hizo hela zishikilie kwanza.

Kinachokuponza ni hivyo vibarua kuwa viwili. Mwaka wa NI huhesabika pale kazi moja inapokulipa angalau pauni 125 kwa wiki (kiwango cha 2025/26). Wewe jumla yako ni 215, lakini hawajumlishi. Kila mwajiri anatazamwa peke yake, na hapo hakuna anayefika. Anayelipwa 130 na mwajiri mmoja anahesabiwa mwaka mzima, tena bila kukatwa hata senti, maana makato ya NI huanza ukipita 242. Akina mama wa usafi nimewaona wengi wakinaswa hapa. Mimi naita uonevu, ila ndiyo sheria.

Sasa huyo mjukuu. Tangu Aprili 2011, bibi au babu ambaye hajafika umri wa pensheni, akimlea mjukuu wa chini ya miaka 12 ili mzazi afanye kazi, anaweza kupewa zile wiki za NI zinazoambatana na posho ya mtoto (Child Benefit, hela ambayo serikali humlipa mzazi). Binti yako ana mshahara wake unaomhesabia mwaka, kwa hiyo zake za posho hazimsaidii kitu, anakuhamishia wewe. Si lazima umlee kutwa nzima, hata saa chache baada ya shule zinatosha. Ni fomu moja, mnatia sahihi wote wawili, na unaweza kudai miaka ya nyuma yote sita. Bure.

Mambo mawili ya kumuuliza binti kabla. Posho imeandikwa kwa jina lake au la mumewe? Mwenye jina ndiye anayetia sahihi. Pili, je, bibi mzaa baba hajazidai tayari? Posho moja hutoa wiki za mtu mmoja tu, na nimeshuhudia wakwe wakinuniana kwa hili.

Hesabu yake ni hii. Pensheni kamili ya 2025/26 ni pauni 230.25 kwa wiki kwa miaka 35, yaani kila mwaka una thamani ya kama 6.58. Ukibaki na 18 utapata takriban 118. Ukiongeza hiyo 6, na mingine 5 hadi ustaafu, unafika 29: takriban 190. Hiyo ni kwa kukadiria, kwa sababu miaka ya kabla ya 2016 ina kanuni zake. Tazama makadirio yako kwenye tovuti ya serikali. Wakikukatalia mwaka wowote, hapo ndipo ununue. Kwa bei hiyo pesa yako inarudi ndani ya miaka mitatu ya pensheni, si biashara mbaya. Ila kwa kawaida mwisho ni miaka 6 nyuma, kwa hiyo wa 2019/20 mwisho wake wa kununua ni tarehe 5 Aprili 2026. Fomu ipeleke mapema.

Tanga pensheni itakufuata, lakini itaganda. Uingereza haiongezi pensheni kila mwaka kwa wanaoishi Tanzania, wala Kenya, ingawa kwa walio Jamaica au Ufilipino inaongeza. Aliyehamia nyumbani na pensheni kamili ya 2016 bado anapokea 155.65. Ukija Leicester kutembea utalipwa kiwango kipya kwa muda uliopo, ukirudi kinashuka tena. Nyongeza ya wenye kipato kidogo nayo hailipwi kabisa ukihama, na matibabu ya bure ya NHS (hospitali za serikali) ni ya wakazi.

Kwa hiyo nyumba ya Tanga usiipigie bajeti ya pauni 190 zinazopanda. Ipigie ya 190 zilezile, ukiwa na miaka 85.